Mkirekodi majina ya sehemu anzeni na vijito, Ben Nevis haiendi popote

Juzi nimekesha nasoma vile vitabu vya majina vya Ordnance Survey, wapima ramani wa Uingereza waliozunguka Uskoti karne ya 19 wakiuliza huu mlima unaitwaje, ule mto je. Vipo mtandaoni, na kila ukurasa una jina, namna za kuliandika, halafu nani kaulizwa. Kero yangu ipo hapo kwenye nani, maana mara nyingi utakuta mchungaji wa kanisa, mwalimu, msimamizi wa mwenye ardhi... bibi aliyepandisha ng'ombe mlimani kila kiangazi utamtafuta sana.

Na ndo aliyekuwa anayajua! Kigaeli, lugha ya zamani ya milimani Uskoti, kina neno àirigh, kibanda cha malishoni ambako wanawake na watoto walikuwa wanahamia na mifugo wakati wa joto. Leo ukilikuta kwenye jina la sehemu ambayo ni upepo na nyasi tu, jua kuna watu walikamua maziwa pale kabla hawajafukuzwa kupisha kondoo wa matajiri.

Sasa watu wa parokia za huko wakiamua kurekodi majina ya sehemu zao wanakimbilia milima mikubwa. Ya nini jamani? Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ipo kila ramani duniani. Kinachokufa ni kijito, allt, kile cha kuruka kwa hatua moja, jina lake wanalo wazee wawili watatu, na sensa ya 2022 wanaoongea Kigaeli Uskoti nzima hawakufika 70,000.

Halafu msiandike tu, rekodini sauti. Kuna mlima kisiwani Mull, mita 966, ramani inasema Ben More, kwa Kigaeli chenyewe ni Beinn Mhòr, mlima mkubwa, na hiyo mh ni v, yaani “vor”. Beinn ni neno la kike kwa hiyo sifa mòr, yaani kubwa, inabadilika kulifuata, cnoc ambacho ni kilima kidogo ni la kiume basi inabaki Cnoc Mòr, sisi wa mlima mkubwa na kilima kikubwa tunaelewa kabisa. Ile v ramani imeimeza, kama Enaiposha ya Wamaasai ilivyogeuka Naivasha.

Kuna jina jingine waliua kwa aibu, Bod an Deamhain kule kwenye milima ya Cairngorms, tafsiri yake uume wa shetani, Kiingereza kikaandika The Devil's Point, ncha ya shetani. Haya, sawa.

Ila mzee usimrekodi sebuleni. Babu yangu ukimuuliza akiwa kwenye kiti anakutajia vijito vitatu na kulalamikia chai, mkitoka naye kutembea kila kona anasimama, hapa panaitwa hivi, pale alizama ndama wa fulani, na simu chaji inaisha kabla yeye hajachoka.