Mgonjwa Aliyekuja Kung'olewa Jino

Nilipostaafu ualimu wa hisabati niliamua kujifunza kuchora kwa rangi, na kwa kiburi cha mtu asiyejua anachokianza nikachagua kunakili "Yowe", mchoro wa Edvard Munch wa mwaka 1893 wa mtu aliyeachama mdomo, mikono miwili mashavuni, chini ya anga nyekundu, kwa hoja kwamba mtu huyo hana nywele wala masikio yanayoonekana, hivyo nusu ya kazi nilikuwa nimeshasamehewa.

Niliposoma kwamba Munch naye alichora juu ya kadibodi, nilifurahi mno, kwa kuwa uvunguni kulikuwa na boksi la feni. Nililikata, nikachora upande wa ndani usio na maandishi. Lakini kadibodi ya feni hunywa maji kama ngamia: boksi lilijikunja, na ile anga nyekundu ya mawimbi ikachuruzika hadi kwenye shavu la kushoto. Nikajaribu kuokoa jahazi kwa rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti; shavu likazidi kuvimba.

Nililiegemeza barazani likauke, nikaingia ndani kunawa mikono kwa mafuta ya taa. Nilipotoka nilimkuta kijana ameketi kwenye benchi, kitambaa amekifunga kuanzia kidevuni hadi utosini.

"Shikamoo, daktari," alisema kwa shida. "Jino moja mnang'oa kwa shilingi ngapi?"

Badala ya kukana tu na kumwacha aende zake, nilianza kufundisha, maradhi ambayo kustaafu hakuyaponyi. Nilimweleza kwamba Munch alikuwa akitembea na rafiki zake wawili huko Norwe, jua likizama, mbingu ikageuka nyekundu kama damu, naye akahisi yowe kubwa likipita katika maumbile yote. Kwa hiyo mtu huyu hashiki mashavu kwa maumivu ya jino, bali anaziba masikio. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi na mikono miwili mashavuni, akifanana na mchoro wa Munch kuliko mchoro wangu ulivyofanana nao.

"Kumbe na masikio mnatibu?" aliuliza.

Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alimletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi asukutue, akamwelekeza kituo cha afya, kisha bila kunitazama akaligeuza boksi ili mchoro uelekee ukutani. Kabla ya magharibi watu wawili walikuwa wameshabisha hodi kuulizia bei ya feni.