Siku niliyogeuza Jumatatu kuwa Jfokutatu

Hii nilisema sitaisimulia kabisa, ila wenzangu wameshaitembeza vijiweni na wameanza kutia chumvi, bora niitoe mwenyewe.

Tuna kaprogramu ketu ka vikoba. Programu huria, kodi yake (yale maandishi yanayoiendesha, siyo ya TRA) iko wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu, yeyote anachukua, tuko watu 9 na hakuna anayelipwa hata buku. Inatunza hisa, mikopo, marejesho na faini za wachelewaji. Kodi haikuwa na shida, shida ilikuwa maelezo. Mmoja kaweka yake Google Docs, mwingine ana PDF iliyozama kwenye grupu la WhatsApp, na kuna jamaa yuko Shinyanga yeye maelezo yote yako kichwani, ukiyataka unampigia. Mtu mpya akija kuuliza "naanzia wapi" tunamwambia subiri jamaa apokee simu. Basi tukakubaliana kila kitu kihamie sehemu moja, ndani ya ripo hiyo hiyo, yaani ghala la mradi kule GitHub, kwa Kiswahili, mafaili ya Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio), ukipush tu, yaani ukiyapandisha kule, tovuti inajijenga yenyewe. Na mimi kwa kiherehere changu nikajitwika uhariri mkuu.

Sasa kuna hili neno fork, yaani unachukua nakala ya mradi mzima unaiweka kwako unaichezea bila kuvuruga ya wenzako. Sisi wa Dar tulikuwa tumeandika "uma", ule wa kulia chipsi. Wakenya wawili wa timu wakasema uma gani bana, kwenye kurasa zao wakaandika "foku". Ubishi siku nne! Mpaka mzee wetu mmoja akachoka, akasema watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, nyie mnashindana na kijiko na uma. Tukapiga kura. Foku 5, uma 4. Mimi nilipiga uma lakini demokrasia ni demokrasia.

Saa sita usiku nikafungua editor, nikaandika tafuta "uma", badilisha weka "foku", mafaili yote. Ikaniuliza kwa adabu kabisa: nibadilishe sehemu 1,412 kwenye mafaili 63? Hapo mtu mwenye akili timamu angeshtuka maana fork zenyewe kwenye mradi mzima hazifiki hata 40. Mimi nikajisemea duh kumbe tumechapa kazi hivi. Nikabonyeza, nikapush moja kwa moja kwenye main, ile nakala kuu ya mradi, nikalala usingizi wa mtoto aliyeshiba uji.

Saa moja asubuhi simu. Shangazi yangu wa Mbagala, kikoba chao ndo wanatujaribia programu, mwongozo anausoma kwenye simu yake.

"Shkamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hivi hii Tfoku Pesa ndo mtandao mpya umeingia?"

"Tfoku nini?"

"Si umeandika mwenyewe hapa, tfoku pesa ya rejesho kwa mweka hazina. Nimekwenda kwa wakala ana laini zote ukutani, anasema hiyo hana na hajaletewa. Halafu hapa chini, hudfoku kwa wanachama. Na kikao kila Jfokumosi." Akanyamaza kidogo. "Baba, uko salama lakini? Unakula?"

Nikafungua tovuti huku bado nimevaa msuli. Mama yangu. Sikuwahi kufikiria Kiswahili kimejificha uma kiasi hiki, yaani ukikipekua kila kabati kuna uma. Jumatatu ina uma. Ijumaa ina uma. Tuma, huduma, sukuma, nyuma, kumaliza, wote wana uma ndani. Ukurasa wa wachangiaji wapya ulikuwa unasomeka hivi, na-kopi kama ulivyo: "Baada ya kfokuliza kazi yako, sukfoku mabadiliko. Usirudi nyfoku. fokukini unahitajika."

Ukibofya link nazo hazifiki popote, maana faili linaitwa kutuma-rejesho ila link zote sasa zinatafuta kutfoku-rejesho ambalo halijawahi kuzaliwa. Kwenye orodha ya timu akina Juma wamekuwa akina Jfoku. Jamaa wa Shinyanga ambaye alijitambulisha pale kama Msukuma halisi akaandika kwenye grupu: "Nimelala Msukuma nimeamka Msukfoku, ng'ombe wa babu watanitambua kweli?"

Nikapaniki. Na ukishapaniki ndo unakuwa mwerevu sana. Nikasema si rahisi tu, nigeuze, tafuta "foku" weka "uma". Nikapush. Jumatatu ikarudi, huduma ikarudi, Msukuma akarudi na ng'ombe wake, nikaanza kupumua. Kumbe zile foku halali za Wakenya nazo zimegeuka uma zote, kwa hiyo sasa nyaraka nzima ni uma mwanzo mwisho. Upande ulioshindwa kura umeshinda, na mhariri alikuwa wa upande huo. Grupu likawaka. "Ameiba kura huyu." Mwingine akataka matokeo yarudiwe mbele ya mawakala.

Kuna dada yuko Arusha huwa haongei kabisa. Akapiga: "Kaka, toa mikono kwenye kibodi." Nikatoa, nikaiweka mapajani kama niko kwa mwalimu mkuu. Git, ile programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, tangu Linus Torvalds aitengeneze 2005 kazi yake ndo kukumbuka ujinga wako mstari kwa mstari, kwa hiyo yeye alizirevert komiti zangu mbili, yaani alitengua yale mabadiliko niliyohifadhi, ya mwisho kwanza halafu ya usiku, dakika mbili mbele. Kisha akanitumia picha ya kile kitufe chenye herufi ab na mstari chini yake, cha kutafuta neno zima tu. Mimi miaka yote nilijua kile ni cha kupigia mstari. Akaifunga na main, sasa hata nikirekebisha nukta lazima mtu mwingine aikague.

Foku na uma bado zimechanganyika kama zamani, tukitaka kuzigusa mtu anakohoa tunaahirisha. Ila Mbagala wameshaamua lao, mtu akichelewesha rejesho wanamgeukia wote: "Mama, tfoku pesa."