Shikamoo Mzee, Inua Mikono

Sina ugomvi na ukaguzi wenyewe. Mahali wanapokusanyika maelfu ya watu, nusu yao wakiamini kwamba ile nusu nyingine haikustahili kuzaliwa, lazima watu wapekuliwe. Kinachonichoma ni kwamba hapa jijini, siku ya mechi ya watani, anayepekuliwa hadi soksi ni mimi mwenye tiketi ya mzunguko na shinikizo la damu, ilhali fataki zitakazofuka moshi jukwaani kipindi cha kwanza zimekwisha kuingia, na hakuna aliyezipapasa.

Ukifika mbele ya foleni, kijana mwenye fulana nyeusi iliyombana kifua anakuamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, inua mikono," na kabla hujamaliza kuitikia marahaba, vidole vyake vimekwisha kufika mahali ambapo hata daktari huomba radhi kwanza. Safari hii alikitoa kitana changu, akakipinda, akakinusa (alitarajia harufu gani, Mungu ndiye ajuaye), kisha akakitupa kwenye rundo la miavuli na viberiti. Chupa yangu ya maji, ambayo hata haikuwa imefunguliwa, ikafuata, kwa maelezo kwamba inaweza kurushwa uwanjani. Hatua chache ndani ya geti, maji ya chapa ile ile yanauzwa kwa bei maradufu, na muuzaji hakuniuliza kama ninakusudia kumrushia mwamuzi.

Nilipotangaza kwamba nitashtaki, jirani yangu wa jukwaani alinicheka. Marekani, NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ilipoagiza mashabiki wapapaswe mwaka 2005, mwalimu mmoja wa Tampa alikwenda mahakamani, akashinda mwanzoni, kisha mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mtu anayekwenda getini kwa miguu yake, akijua kinachomngoja, ameridhia mwenyewe. Tangu 2013 mikoba yao hutakiwa kuwa ya plastiki inayoonyesha kila kilichomo. Mke wangu amekwisha kuapa kwamba utaratibu huo ukifika kwetu ataangalia mpira kwenye televisheni, kwa kuwa yaliyomo mkobani mwake hata mimi sijaruhusiwa kuyaona tangu tulipooana.

Baada ya mechi nilirudi getini kudai kitana. Rundo lilikuwa limetoweka lote, na kijana yule, ambaye kichwa chake ni kipara kitupu, akala yamini kwamba hajawahi kukiona.