Kodi Tulipe Sote, Lami Wapate Wao

Kuna hoja inanichosha: eti jiji ndilo linalolipa kodi nyingi, basi nalo litumie nyingi. Kweli? Kampuni inachimba madini kijijini, inakata magogo kijijini, ila kwa kuwa makao makuu yako jijini, kodi yake inahesabiwa ya jijini. Na mwanakijiji akinunua mafuta analipa kodi ileile, senti kwa senti.

Halafu zikija hesabu za barabara, wanapima wingi wa magari. Sasa barabara mbovu itayapata wapi hayo magari? Jiji linaongezewa njia ya sita, daraja la kijijini linasubiri "awamu ijayo". Hiyo awamu ijayo sijui huwa inajificha wapi.

Nakubali, kilomita moja ya bomba la maji mjini inahudumia watu wengi zaidi. Lakini Kanada, tangu 1982, katiba inaitaka serikali kuu iyaongezee fedha majimbo yenye mapato madogo, ili huduma zilingane bila wananchi wake kukamuliwa kodi kuliko wenzao. Kwingine, halmashauri ndogo zinaambiwa zilete andiko la mradi, nazo hazina hata mhandisi mmoja!