Usikaze Kifuniko

Kwenye ndege za kukodi pale kiwanja cha Wilson huna mhudumu mwenzako wa kusaidiana naye. Ni wewe, marubani wawili huko mbele, na viti 7 vya ngozi rangi ya maziwa ambavyo mwenye ndege anavipenda kuliko watoto wake. Chai nachemsha mimi, koti natundika mimi, choo napangusa mimi, na abiria akiamka na kisirani, hicho kisirani ni changu.

Watu wakisikia jeti ya kibinafsi wanafikiri ni shampeni tu. Jameni! Nusu ya kazi yangu ni kutafuta vitu visivyokuwepo. Kuna mama aliyewahi kuniagiza uji wa wimbi usiotiwa sukari hata chembe, lakini uwe mtamu. Kuna kijana aliyekataa kukaa upande wenye jua, nasi tunaelekea Kisumu jioni, jua liko mbele yetu na limeingia madirisha ya pande zote. Akaniuliza kama Kapteni hawezi kupinda kidogo.

Kiwanja chenyewe kimebeba jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929 akiwa na ndege moja tu, ya mbao na kitambaa. Mara nyingi nikiwa nimepiga magoti natafuta kifungo cha shati la mtu chini ya kiti, huwa najiuliza abiria wake wa kwanza alimsumbua kiasi gani.

Wangu tumwite Mkubwa, maana ndivyo kila mtu alivyomwita pale, hadi askari wa getini.

Mkubwa alikodi ndege kwenda Mombasa na kurudi siku hiyohiyo kwa ajili ya mtungi mmoja wa mnazi, ile pombe ya minazi. Sitanii. Kijana wake alikuwa anaoa binti wa Kigiriama ambaye wazazi wake wanakaa Lang'ata, na wazee wa upande wa binti walishasema: pesa tutazungumza, lakini kadzama lazima. Kadzama ni ule mnazi ambao upande wa mume huwapelekea wakwe kabla mazungumzo hayajaanza. Na si mnazi wowote. Mjomba wa binti alitaka utoke Kaloleni, ugemwe asubuhi ya siku hiyo, uletwe na baba wa kijana mwenyewe, na akaongeza kwamba wakimletea wa Mtwapa ataujua kwa harufu tu. Kikao kilikuwa saa kumi jioni. Mnazi ukigemwa alfajiri ni mtamu mtamu, jioni umeshakuwa mkali, ukilala siku mbili tatu unatia kwenye kachumbari. Basi la usiku lisingefaa. Mkubwa akaona dawa ni jeti.

Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kavaa kaunda suti rangi ya krimu, nyuma yake mdogo wake na mzee mmoja mpole ambaye ndiye angekuwa msemaji wao mbele ya wakwe. Kabla hajapanda ngazi alikuwa ameshaniagiza mambo manne. Viatu vyake visiwekwe karibu na vya mdogo wake. Baridi ipunguzwe. Ipunguzwe lakini isiwe joto. Na mahamri yako wapi?

Mahamri nilikuwa nayo, tena ya moto, nimeyachukua kwa mama mmoja Kibera upande wa Laini Saba, nikayabeba kwa bodaboda nimeyakumbatia kama mtoto. Mkubwa akachukua moja, akalipasua, akalinusa.

"Binti, hili ni andazi."

"Lina iliki, Mkubwa."

"Ni andazi lililobatizwa."

Akala matano.

Tukiwa tayari kuondoka akakumbuka chaja ya simu iko nyumbani. Ndege ikae, dereva aifuate. Lang'ata Road saa hiyo mnaijua. Kapteni akaja nyuma, akamweleza kwa upole kwamba muda tuliopewa wa kuruka ukipita tutapanga foleni nyuma ya ndege za watalii wa Mara zote. Mkubwa akamwuliza, "Kwani ukiwaambia ni mimi?" Nikamtolea chaja yangu. Akaitazama kama mtu aliyepewa kitana kilichotumika, akaipokea.

Na huko juu nako hakutulia. Chai ya rangi. Hapana, ya maziwa. Maziwa yaje pembeni. Pazia lishuke, pazia lipande. Mlio huo ni wa nini? Nilianza kuhesabu maagizo kwa vidole, vikaniishia juu ya Voi. Ukikaa na mtu wa namna hiyo, kuna kitu kinatokea kwenye masikio: mdomo unaendelea kusema "sawa, Mkubwa", kichwa kinaendelea kuitikia, lakini wewe mwenyewe umeshatoka, umejifungia chooni, unasubiri siku iishe.

Mombasa walipokewa na gari wakaenda zao njia ya Mazeras. Saa sita hivi wakarudi. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyebeba mtungi, wa plastiki ya manjano, lita 10, ameukumbatia kifuani kama kombe la mpira. Kwenye shingo ya mtungi kulikuwa na kipovu cheupe, na kifuniko kimekaa juujuu tu. Kila akipiga hatua kilicheza, tone linateleza ubavuni.

Mimi nililitazama lile tone. Kisha nikatazama viti.

"Tuuweke nyuma kwenye mizigo, Mkubwa?"

"Huyu anakaa na mimi."

Akauweka kwenye kiti kilichoelekeana na chake, akaufunga mkanda, akauvuta aone kama umekaza. Kisha akanigeukia na kidole: "Na kifuniko kiache hivyohivyo. Kilegee. Usikaze kifuniko."

"Sawa, Mkubwa," mdomo ukasema.

Akaenda kujinyoosha. Nikasubiri afumbe macho, nikachukua taulo, nikapangusa mtungi vizuri, nikakikaza kifuniko kwa nguvu zote za mtoto wa mkulima kutoka Murang'a. Nikazungusha karatasi ya plastiki ya kufunikia vyakula mara tatu. Juu yake nikapiga selotepu. Nikarudi nyuma hatua moja nikautazama, nikajisifu. Kazi safi.

Sasa, Mombasa iko usawa wa bahari. Wilson iko karibu mita 1,700 juu yake. Aliyewahi kununua krispi pwani akazileta Nairobi anajua pakiti hufika imevimba kama imetukanwa. Ndani ya jeti ni hivyohivyo: ndege ikiwa juu sana, hewa ya ndani hubanwa ili mtu apumue, lakini haibanwi ikawa ya Mombasa. Inakuwa kama ya mtu aliyekaa mlimani, futi 7,000 hivi. Hewa uliyoifungia pwani ikifika hapo inatanuka, inatafuta nafasi. Na mnazi nao haukuwa umelala. Mnazi unachacha tangu unapotoka mtini, na ukichacha unatoa gesi, ndiyo maana mgema hazibi. Haya ya hewa nilifundishwa darasani na nikayafanyia mtihani nikapita. Haya ya kuchacha nilifundishwa na babu, ambaye kibuyu chake cha muratina, pombe ya kienyeji ya kwetu, sikuwahi hata siku moja kukiona kimezibwa. Elimu zote mbili zilibaki chini Mombasa.

Tulipopita Voi nikasikia "tik".

Nikageuka. Mtungi ulikuwa umenona. Ule upande uliokuwa na kibonyeo sasa ulikuwa wa duara, na ule mkanda wa Mkubwa ulikuwa umeuingia kiunoni kama mshipi wa mtu aliyemaliza sinia la pilau peke yake. "Tik," ukasema tena. Selotepu ikaanza kujibandua yenyewe, taratibu, kama inayotaka kuondoka bila kuaga.

Mwenye akili angemwita Kapteni. Mwingine angeutupia blanketi akakaa mbali. Mimi nilifikiri: nitakilegeza kidogo tu, kitoe pumzi, nikirudishe, hakuna atakayejua. Nikapiga magoti mbele ya ule mtungi. Nikatoa plastiki. Nikashika kifuniko kwa vidole viwili.

Nilizungusha kama robo.

Sikuona kikiruka. Nilisikia dari ikigongwa, "paa!", halafu kitu cheupe kikasimama mbele yangu kama mti. Nakuapia, ulisimama. Ulifika juu, ukatawanyika, ukashuka kwa kila mtu kwa haki bila kubagua. Niliuziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, ikawa kosa jingine, maana sasa ulitoka kwa pembeni, kwa nguvu zaidi, moja kwa moja kwenye kaunda suti.

Mkubwa aliamka akipiga kelele, "Tunaanguka! Tunaanguka!" akitafuta barakoa ya oksijeni kichwani pake. Yule mzee msemaji akaanza Baba Yetu. Mdogo wa Mkubwa peke yake ndiye hakupoteza akili: alimwaga chai yake kwenye sahani, akanyoosha kikombe, akakinga.

"Huko nyuma kuna nini?" Kapteni akauliza kwenye spika.

"Mnazi, Kapteni!"

Kimya. Kisha, polepole: "Sheria inanizuia kuonja ndani ya muda wa saa 8 kabla ya kuruka. Kuogeshwa haijataja. Lakini fungeni hilo pazia, tafadhali."

Povu lilipotulia, nilikuwa nimekaa kwenye zulia na nywele zimenilowa, nimekumbatia mtungi. Mkubwa alijipangusa macho. Nilingoja anirushe nje. Badala yake akaongea kwa sauti ya chini kabisa, ambayo sikujua anayo.

"Binti. Nilikwambia nini?"

"Nisikaze kifuniko."

"Leo nimekuagiza mambo mangapi?"

"Nilihesabu mpaka 10, Mkubwa. Vidole viliisha."

"Na umesahau mangapi?"

"Hilo moja."

Akaangalia dirishani muda mrefu. Mdogo wake akamaliza kikombe, akasema ni mzuri sana, wa Kaloleni kwelikweli. Hakuna aliyemjibu.

Zilibaki lita 6 hivi. Walishuka Wilson saa saba na nusu, Mkubwa ananuka kama kilabu, hana hata muda wa kupita nyumbani kubadilisha maana njia ilikuwa imefunga. Wiki mbili baadaye dereva wake alinisimulia yaliyotokea. Mjomba aliinua mtungi, akaona ni mwepesi, akauliza nyingine iko wapi. Kisha akasogea karibu na ile kaunda suti, akainusa begani, akawaambia wenzake, "Hii nyingine ameivaa." Wakacheka, mazungumzo yakaanza. Mkubwa mwenyewe hakuwahi kunitaja kwa mabosi wangu. Chaja yangu pia hakuirudisha, na mimi sikuthubutu kuidai.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo nilikuwa na tatizo jingine: saa nane na dakika 20 ndege ilitakiwa kuruka Kisumu na abiria mmoja, askofu, anakwenda kuhubiri.

Nilikuwa na dakika 50. Nilifungua milango. Nilisugua zulia kwa siki na magadi. Niliomba kahawa ya unga kwa kila ofisi ya jirani, nikaimwaga kwenye visahani chini ya viti. Rubani msaidizi alipunga hewa kwa trei. Mwisho, kwa kukata tamaa, nilipuliza kopo zima la manukato ya maua, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana sasa ilinuka kama mtu amefungua baa ndani ya duka la maua ya mazishi.

Askofu akapanda. Mzee wa makamo, mtulivu, mkoba mmoja na Biblia, hataki chochote, ni maji tu. Abiria wa namna hii unampata mara moja kwa mwaka, na nimempokea hivi. Alikaa, kwa bahati mbaya yangu, kwenye kiti kilekile cha mtungi. Nikampa maji. Mkono ulitetemeka.

Pua yake ikacheza. Akatazama dari, palipokuwa na alama ndogo ya duara iliyokataa kutoka.

"Binti," akasema, "kuna harufu."

"Ni dawa ya kusafishia, Baba Askofu. Mpya. Ni... ni kali kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga mkanda. Akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, akaishikilia, akaiachia taratibu sana.

"Si ya Mtwapa," akasema, na akafungua Biblia.