Mikoko ndiyo Kiganjo yetu

Ami yangu amevua kwa mshipi hapa Malindi tangu sijazaliwa. Nilipomwambia nimetoka Nyeri kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, na kwamba kila niliyempata nilimrudisha mtoni, alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa huna njaa?" Hakuwa na dhihaka. Kwake yeye samaki akishaingia chomboni ni riziki, na riziki hairudishwi.

Siku ile nilikosa jibu. Sasa ninalo, na linaihusu Malindi kuliko linavyoihusu Nyeri.

Kule juu ya Kiganjo, msituni chini ya Mlima Kenya, maji ya mto Sagana yana baridi ya kuuma mifupa. Trauti ndiyo anayoyataka. Maji yakipita nyuzi 20 hivi pumzi huanza kumbana, maana maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi. Nilikata leseni, nikapata mzee wa huko wa kuniongoza, tukaingia mtoni alfajiri.

Mimi nimelelewa na chubwi. Kwetu chubwi ndiyo inayoupeleka mshipi chini, na mkono unasikiliza. Huku chubwi hakuna. Ndoana imefungwa uzi na manyoya mpaka ikafanana na nzi, nyepesi haina kilo wala ratili. Uzito wote umo kwenye mshipi wenyewe. Unaurusha nyuma, unangoja unyooke wote, ndipo unaupeleka mbele. Ukiwa na pupa unaporomoka wote mbele yako, na samaki wameshakimbia. Nzi akishatua, lazima aelee kwa mwendo ule ule wa maji. Mkondo ukiuburuta mshipi na nzi akaenda upande, hata kidogo tu, trauti hamgusi. Mwenyewe amejibanza nyuma ya jiwe, kichwa kinatazama maji yanakotoka, pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia, anangoja chakula kiletwe. Hilo halikunisumbua kulielewa. Kolekole hukaa vivyo hivyo kwenye mlango wa hori la Mida, hapa Watamu, maji yanapokupwa.

Wa kwanza nilimpata jua limeshapanda. Ubavuni ana utepe wa rangi ya waridi, mgongoni madoa meusi kama aliyenyunyiziwa wino. Nikanyoosha mkono nimshike.

"Lowesha mkono kwanza," mzee akasema. Mkono mkavu humtoa samaki ule utelezi unaomkinga na maradhi. Nikamchomoa ndoana, nikamshika kichwa kikielekea mkondo mpaka akapata nguvu akaondoka mwenyewe. Mzee akamwangalia akizama, akasema, "Huyo tulimleta hapa akiwa kama kidole changu."

Neno hilo nimerudi nalo Pwani, na halijanitoka.

Trauti si mwenyeji wa nchi hii. Mayai ya kwanza yaliletwa na Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Uskoti, yakatiwa mto Gura kule Aberdare. Na kuna watu ambao kazi yao ni kuwazalisha. Kwenye kituo cha Kiganjo jike hukamuliwa mayai kwa mkono, yakachanganywa na mbegu za dume, yakalazwa kwenye maji baridi yanayopita mchana na usiku. Yakishaanguliwa vifaranga hulishwa, huangaliwa, wakikua hupelekwa mitoni. Ukizungumza na watu wa kule hutamsikia mtu akisema mto unajijaza. Wanajua samaki ametoka wapi na amegharimu nini.

Sisi nani wetu amewahi kusema hivyo juu ya changu? Tunasema bahari haiishi. Nimelisikia neno hilo tangu utoto na nililiamini. Lakini tafi mchanga hukulia kwenye majani ya bahari. Kamba na mikizi hukulia kwenye mizizi ya mikoko na michu, kwenye matope yale yanayotunukia vibaya maji yakitoka. Kile ndicho kituo chetu cha vifaranga. Hakidai mshahara, na sisi tunaingia humo na panga kukata boriti, kisha tunaingia na juya, ule wavu wa kukokota mpaka ufuoni.

Juya lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2001. Bado linakokotwa, nimeliona kwa macho yangu, na nimechungulia ndoo likishavutwa. Humo mna samaki wa urefu wa kidole. Kipimo kile kile cha yule mzee! Wao wanamtia majini akiwa na kimo hicho, sisi ndicho kimo tunachomtolea.

Najua nitakavyojibiwa, kwamba kuvua na kuachia ni starehe ya mtu aliyekwisha kula. Ni kweli, na simwambii ami amrudishe changu wa kilo mbili huku nyumbani wanangoja kitoweo. Wala kumrudisha samaki si jambo geni kwetu. Manahodha wa Malindi na Watamu, vijana wa mitaa yetu hii, kwa miaka wamekuwa wakiwatia sulisuli alama na kuwaachia, wageni wakilipa ili wapigane nao tu. Na Hifadhi ya Bahari ipo hapa tangu 1968. Ami hupenda kutia nanga karibu na mpaka wake, wanakotokea samaki waliokulia ndani, na sijawahi kumsikia akisema ni kwa bahati.

Kuna jambo jingine lililonijia nikiwa nimesimama katika ile baridi. Maji ya Sagana huingia Tana, na Tana hushuka mpaka Kipini, ikamwagika Ungwana, hapo kaskazini yetu, kwenye kamba tunaowajua. Yale yaliyonipita miguuni yalikuwa yanakuja kwetu. Huko mlimani yanatunzwa kwa leseni na kwa walinzi wa msitu. Yakifika kwetu yanakuta juya.

Kikao kijacho cha BMU, chama chetu cha kusimamia ufuo na uvuvi, nitasimama niseme mambo mawili: juya litoke kwenye mikoko yote, na nyavu za matundu madogo zisiingie kijito chochote miezi ile vifaranga wanapojaa. Miezi yenyewe wataitaja wazee, wao ndio wanaoijua. Ami nimeshamwambia. Akaniuliza vijana wanaokokota juya watakula nini miezi hiyo, na swali hilo nalo nimemwahidi nitalipeleka kikaoni kabla sijasema langu.