Tope la mtaroni lizolewe, lisiachwe ukingoni

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na makoleo na reki kuzibua mitaro, na utaratibu huo naupenda kwa dhati. Kinachonichosha ni kinachofuata. Tope lote, pamoja na chupa za plastiki na nepi, linalundikwa ukingoni mwa mtaro, halafu gari la halmashauri halionekani. Wiki inakatika. Watoto wanalikanyaga wakienda shule, kuku wanachakura humo humo, na mvua moja tu ya vuli inalirudisha lote lilikotoka. Maji yanafurika mpaka vyooni, kisha tunasikia kipindupindu kimeingia. Hapo ndipo bwana afya anapita na kipaza sauti kutuhimiza tuchemshe maji. Tunachemsha jamani!

Ada ya taka tunalipa, risiti tunazo, na anayechelewa anatishiwa faini. Basi ratiba ya gari ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na lori lije siku ile ile ya usafi, kabla ya magharibi. Na vifuniko vya mtaro vilivyoibwa pale karibu na zahanati virudishwe upesi: wajawazito wanapita hapo usiku, na taa ya barabarani haiwaki.